Simu Yako Inazungumza na Nani?

Hotuba kwa wavuvi na wenye nyumba za wageni, mjini Lamu. Imenyooshwa kidogo kwa ajili ya wasomaji, na maswali ya hadhira yameachwa mahali yalipoulizwa.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, manahodha, na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni ilhali viti vipo huku mbele, ahsanteni kwa kuitika mwito. Nimeombwa niseme juu ya simu. Nilipoambiwa nilidhani watu watacheka, maana siku hizi ni nani asiyejua simu? Mtoto wa chuoni anaijua kumshinda babake. Lakini mimi nimekaa kwenye meza ya kutengeneza simu hapo Langoni, na haipiti wiki bila mtu kuja na kifaa kizima, kisicho na ubovu wowote, ameshakilaani, kwa kuwa alikinunua kwa kazi ambayo hakikuundiwa. Mmoja alitaka simu ya mapokezi akauziwa yenye laini ndani, akashangaa inamla salio. Mwingine alitia mfukoni mkono wa simu ya nyumbani akaenda nao Shela, akarudi kuniambia umekufa njiani. Na wako wale wanaonitia hofu hasa, wanaotoka kwenda baharini usiku na simu moja tu, chaji nusu, wakaiita hiyo ndiyo tahadhari.

Kwa hiyo leo sitawauzia chapa yoyote. Nataka kabla ya kuuliza bei au kamera, uulize kwanza: simu hii inazungumza na nani? Kila simu isiyo na waya ni redio, na redio lazima iwe na mwenzake mahali fulani anayeisikia. Mwenzake yuko ukutani kwako? Yuko juu ya mnara? Yuko angani? Au mwenzake ni kila chombo kilicho karibu? Ukishalijua hilo, umeshajua itafika wapi, itakugharimu nini kila mwezi, na siku gani itakuacha.

Tuanze nyumbani, na ile simu isiyo na waya tunayoiona mapokezi. Ina sehemu mbili. Kuna kitako, ambacho huchomekwa kwenye stima na kwenye waya wa simu, na kuna mkono unaotembea nao. Mkono ule haujui Safaricom wala Airtel. Hauna laini. Unakijua kitako chake tu, na umefungwa nacho kama punda kwenye kigingi. Kamba haionekani, lakini ina urefu wake. Kwa simu za kisasa za mfumo wa DECT, urefu wenyewe ni kiasi cha mita 300 uwanjani pasipo kizuizi, na ndani ya nyumba kiasi cha mita 50. Nguvu zake ni ndogo: kwa wastani kama miliwati 10, ingawa kilele chake hufika 250. Simu ya mkononi kwenye masafa ya megahezi 900 inaruhusiwa kupaza hadi wati 2. Basi msiifananishe sauti ya mtu wa chumba cha pili na ya mtu anayeita ng'ambo.

Kifaa hiki si kipya. Mmarekani George Sweigert alipata hataza ya namna hii ya simu mwaka 1969, na kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imeingia majumbani kwao. Zile za mwanzo zilikuwa za analogi, kwenye masafa ya chini, na hazikuwa na siri hata chembe: jirani mwenye redio ya kunasa masafa alikaa barazani kwake akasikiliza posa ya binti yako mwanzo hadi mwisho. DECT ni ya dijitali na inaweza kufungwa kwa msimbo. Ukikuta kwenye mnada simu kuukuu yenye antena ndefu ya kuvuta, mwachie muuzaji.

Sasa nyumba zetu. Mama mmoja wa Mkomani, mwenye nyumba ya wageni ya ghorofa tatu, aliniita niitazame simu yake. Kitako alikuwa amekitia kwenye zidaka za chumba cha ndani kabisa, katikati ya sahani za kaure na chetezo. Palipendeza, sikatai. Lakini zidaka zile zimo ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unakaribia nusu mita. Mbele yake kuna ukuta wa pili wa namna hiyo hiyo, na juu dari ya boriti, mawe na chokaa tena. Mawimbi ya DECT, kwenye masafa ya megahezi 1880 hadi 1900, hupoteza nguvu nyingi kwenye jiwe, na jiwe lenye unyevu wa pwani ni baya zaidi. Mgeni akipanda juu ya paa kwenye kivuli cha makuti, sauti inakatikakatika hadi inapotea. Tayari mtu alishamwambia anunue simu ghali zaidi.

Hatukununua kitu. Tulikitoa kitako kwenye zidaka, tukakipandisha kwenye ngazi, pale kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kilipo wazi kutoka chini hadi juu, mbali na friji na mbali na chuma cha tangi. Mkono ule ule ukasikika mapokezi, ukasikika msana wa juu, ule ukumbi mrefu, ukasikika paani. Nyumba za Amu, yaani Lamu yetu hii, zina koo moja ya hewa, nayo ni kiwanda. Mawimbi nayo hupita humo humo. Ikiwa nyumba yako ni ndefu kiasi kwamba hata hivyo haifiki, kuna kifaa cha kurudia mawimbi cha DECT. Kiweke mahali ambapo sauti bado ni nzuri, si mahali ambapo imeshakufa, maana hakiwezi kurudia kisichokisikia.

Mambo matatu ya haraka kuhusu simu hiyo, kabla hatujatoka nyumbani.

Stima ikipotea, kitako kinazima, na mikono yote inazima pamoja nacho, hata ikiwa betri zake zimejaa. Simu ile ya zamani ya waya, nzito, ya kukoroga namba, iliendelea kulia gizani kwa sababu umeme wake, kiasi cha volti 48, ulikuja na waya kutoka kituoni. Ukitaka kitako kiishi wakati wa giza, kipe betri ya akiba. Hakili umeme mwingi.

Betri za mkono ni za kuchaji, aina ya nikeli. Zimeumbwa sawa na betri ndogo za tochi, na ndipo watu wanapoharibu. Ukitia za tochi za dukani kisha ukauweka mkono kwenye kitako uchaji, zitavimba, zitamwaga maji yake ndani, nami nitakuletea habari mbaya.

Na hili watu wengi hawalijui: ukiwa na mikono miwili au mitatu kwenye kitako kimoja, inaitana yenyewe kwa yenyewe bila salio, bila waya wa simu, bila kampuni yoyote. Jikoni anaita mapokezi, mapokezi anaita paani. Nyumba nyingi za wageni hapa hazina tena waya wa simu wa nje, na bado simu hizi zinafanya kazi yao ya ndani vizuri mno. Mwenye nyumba akipunguziwa kupanda ngazi za Amu mara ishirini kwa siku, hiyo si faida ndogo.

Swali la dada pale: ameletewa simu ya kitako, zawadi kutoka Marekani, je, aitumie hapa? Nashukuru umeuliza, maana hizi zinakuja nyingi. Dada, geuza kitako usome lebo. Ikiandikwa DECT 6.0, hiyo ni ya soko la Marekani. Hiyo 6.0 isikudanganye ukadhani ni toleo jipya kuliko la Ulaya. Ni jina la biashara tu. Kwao inatumia megahezi 1920 hadi 1930. Kwetu, masafa yanayoanzia 1920 ndiyo ambayo simu za 3G huyatumia kupaza kwenda kwenye busta, yaani mnara wa simu. Ina maana simu yako ya zawadi, ukizungumza na shangazi, inapiga kelele ndani ya sikio la mnara wa mtaa mzima. Jirani analaumu kampuni, kampuni inatafuta chanzo, na chanzo kimekaa kwenye meza yako kwenye kitambaa cha maua. Tena adapta yake aghalabu ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye stima yetu ya 240 itatoa moshi kabla ya kutoa sauti. Zinazotoka Ulaya hazina balaa hilo. Zinazotoka Dubai, soma lebo kwanza.

Simu ya kitako ina ndugu wa kufanana naye, ile simu ya mezani yenye laini. Kwa macho ni simu ya ofisini: ina mkono, ina waya wa kujikunja, ina vitufe vikubwa ambavyo mzee anaviona bila miwani. Lakini fungua kifuniko cha nyuma, utakuta nafasi ya laini. Huyu ni simu ya mkononi aliyevaa kanzu ya simu ya mezani. Mwenzake yuko mnarani. Kila mwito ni salio, hata ukimpigia aliye chumba cha pili, na ukiibeba hadi Faza itafanya kazi Faza, jambo ambalo ile ya kitako haitalifanya kamwe. Miaka ya 2000 Telkom ilisambaza za namna hii za mfumo wa CDMA, na majumba mengi yaliyokata tamaa ya kungoja waya wa nguzo yalizipata. Kwa duka, au kwa mzee asiyetaka kujifunza kioo cha kugusa, mimi naipenda. Kwa nyumba ya wageni yenye ghorofa tatu, hapana. Na ziko zilizochanganya yote mawili, kitako chenye laini kinachosema na mnara, pamoja na mikono ya DECT inayosema na kitako. Muuzaji akikwambia tu "hii haina waya", hajakwambia kitu. Mwambie afungue kifuniko.

Haya, tutoke nje.

Simu ya mkononi ilianza na kilo moja na ushei. Tarehe 3 Aprili 1973, Martin Cooper wa Motorola alisimama barabarani New York, akampigia Joel Engel, mshindani wake wa Bell Labs, kumwambia kwamba anampigia kutoka simu ya mkononi. Nadhani ni mwito wa kwanza wa simu ya mkono na wa kwanza wa kujigamba. Ilipofika sokoni mwaka 1983 bei yake ilikuwa dola 3,995. Kwetu Kenya, mambo yalifunguka mwaka 2000, Safaricom na Kencell walipoingia; Kencell ndiyo hii Airtel ya leo baada ya kubadilisha majina njiani. Machi 2007 ikaja M-Pesa, na tangu hapo hata asiyependa kuongea alilazimika kuwa na simu.

Siri ya simu hii ni kwamba haina kitako kimoja. Nchi imegawanywa vipande vipande, kila kipande kina mnara wake, na simu yako hukabidhiwa kutoka kipande hadi kipande bila wewe kujua. Ukiwa kwenye boti ya kwenda Mokowe unaongea, unaweza kuanza na busta moja ukamaliza na nyingine. Na simu haikai kimya hata ikiwa mfukoni: kila mara huuambia mtandao iko upande gani, ili mwito ukija ujulikane pa kupelekwa.

Hapo ndipo chaji inapokwenda. Simu iliyo karibu na mnara hunong'ona. Mnara wenyewe huiamuru ipunguze nguvu. Simu iliyo mbali hupaza kwa nguvu zake zote. Na simu isiyosikia mnara wowote hutafuta, ikatafuta, ikatafuta, hadi betri inalala. Vijana wengi huniletea simu wakisema betri imeharibika kwa sababu "Amu inakaa siku mbili, nikienda dago, kambi ya uvuvi, haifiki jioni". Betri haina kosa. Ukijua unakwenda pasipo na mtandao, izime kabisa, au itie kwenye hali ya ndege, uiwashe unapotaka kujaribu.

Na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, dhidi ya simu janja? Nitalipita haraka, maana kila mtu ana mahubiri yake. Kabambe ya 2G ina kioo kidogo, haina mengi ya kufanya kisirisiri, chaji inakaa siku kadhaa, ina tochi, inatuma M-Pesa. Nokia 1100, ile yenye tochi iliyotoka mwaka 2003, iliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani, na bado nazifungua mezani kwangu. Simu janja ina ramani, ina GPS, na hiyo GPS hufanya kazi hata pasipo mtandao kwa sababu inasikiliza setilaiti tu, haizijibu. Lakini ramani lazima uwe umeipakua kabla ya kung'oa nanga. Wale wanaolalamika kwamba wakipigiwa simu bando linakatika: simu yako au laini yako haipigi sauti ndani ya 4G, kwa hiyo mwito ukiingia inashuka hadi 3G au 2G kuupokea, kisha inapanda tena. Si wizi. Mara hii si wizi.

Nahodha wa Kizingitini alininong'oneza kabla hatujaanza, nami nimemwahidi nitamjibu mbele ya wote. Ameuliza: nikiwa nje baharini, mtandao umekatika, nikimpandisha kijana kwenye mlingoti na simu, inasaidia au tunajisumbua?

Inasaidia, hadi mahali fulani, na mahali hapo panafaa kujulikana. Bahari haina ukuta wala mti, kwa hiyo kizuizi cha kwanza ni mviringo wa dunia yenyewe. Mnara wenye urefu wa mita 50, na simu iliyo mita 2 juu ya maji mkononi mwa mtu aliyesimama ndani ya mashua: mawimbi yataonana hadi kiasi cha kilomita 35. Mpandishe kijana mita 9 juu ya mlingoti, kuonana kunasogea hadi kilomita 41 hivi. Umeongeza kilomita sita kwa mapaja ya kijana.

Lakini kwenye 2G kuna mpaka wa pili, nao haujali mlingoti. Mnara wa 2G huwapa watu zamu za kusema, vipande vidogo vidogo vya muda. Mawimbi yanakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na bado huchelewa kidogo njiani; kwa hiyo mnara huiambia simu ya mbali ianze kusema mapema, ili sauti ifike ndani ya zamu yake isimkanyage mwenzake. Huko kutangulia kuna kikomo, na kikomo kinaishia kiasi cha kilomita 35. Ukivuka hapo unaweza kuona mistari ya mtandao kwenye kioo, ukapiga, na mwito ukakataliwa, isipokuwa mnara huo umewekwa kwa namna maalumu ya masafa marefu. 3G na 4G hazifungwi na mpaka huu, lakini simu yako lazima iwe ya 3G au 4G, na masafa ya juu yanachoka mapema kuliko yale ya 800 na 900. Kwa hiyo, bwana nahodha, mpandishe. Ila usiandike usalama wa watu kumi juu ya mapaja ya mmoja. Na ile huduma ya kukopa salio inayoitwa Okoa Jahazi, kule nje haiokoi hata mtumbwi.

Jambo moja la dharura: 112 hupigika hata kama mtandao wako haupo, mradi mtandao wa kampuni nyingine unasikika hapo. Simu hujipenyeza kwa mnara wowote. Pasipo mnara wowote, namba hiyo ni tarakimu tatu tu.

Kuhusu maji. Maandishi ya IP67 kwenye boksi yana maana simu ilijaribiwa kwa kina cha mita moja kwa dakika 30, maji matamu, simu mpya. Hayasemi chochote juu ya chumvi ya bahari, wala juu ya simu iliyoanguka kwenye ngazi mara nne na mpira wake umepasuka. Nikiifungua simu iliyonywa bahari, pale kwenye tundu la chaji nakuta ukungu wa kijani, kutu ya shaba, imeshatambaa hadi kwenye miguu ya vidude vilivyo jirani. Inaanza upesi kuliko mnavyodhani. Ikianguka majini: izime, toa betri ikiwa inatoka, isuuze kwa maji matamu, ndiyo, maji, ili chumvi itoke, iache ikauke, usiijaribu kuichaji, uilete. Msiizike kwenye mchele. Mchele hautoi chumvi, na mimi nimechoka kutoa punje kwenye matundu. Huo pikeni pilau.

Sasa angani. Pwani hii setilaiti hazikuanza jana: pale Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 ikapaa pale ile ya Wamarekani ya kuchunguza miali ya eksirei, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa siku ilikuwa ya uhuru wetu. Ile haikuwa ya simu. Za simu ni kama Iridium, yenye setilaiti 66 zinazozunguka kiasi cha kilomita 780 juu yetu. Ilifunguliwa Novemba 1998, ikafilisika Agosti 1999, na mtandao wenyewe ukanusurika na kuendelea hadi leo. Ni kama Thuraya pia, ya Falme za Kiarabu, ambayo setilaiti yake imetulia juu ya ikweta kiasi cha kilomita 36,000. Sisi Lamu tuko karibu mno na ikweta, kwa hiyo iko karibu na utosi wetu. Kwa umbali huo sauti inachelewa: unasema, unangoja kiasi cha nusu sekunde hivi hadi jibu, na wasiozoea huanza kusema wote wawili kwa pamoja.

Simu ya setilaiti inataka mbingu wazi. Chini ya dari ya boriti imekufa. Ndani ya kibanda cha boti inababaisha. Inafika mahali ambapo hakuna mnara utakaojengwa, na kwa vyombo vinavyokwenda mbali nasema ichukueni. Lakini kwanza mkaulize Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu kibali, msinunue gizani. Na anayesafiri nayo aulize sheria ya anakokwenda. India, kwa mfano, mtu hukamatwa uwanja wa ndege kwa kuwa na Thuraya au Iridium bila ruhusa.

Nimeiacha mwisho ile ninayoitaka zaidi, nanyi manahodha mnaijua: simu ya upepo, redio ya VHF ya baharini. Watu wanaidharau kwa sababu haina namba, haina picha, na lazima ubonyeze kitufe ndipo useme, uachie ndipo usikie. Haina siri, kila mwenye redio anakusikia. Sasa fikirini. Mashua inaingia maji saa nane za usiku wakati wa kusi. Una simu nzuri, yenye chaji, yenye mtandao, tuseme Mwenyezi Mungu amekujalia vyote. Unampigia nani? Kakako. Kakako amelala Matondoni, simu iko kimya. Unampigia wa pili. Kila mwito unagonga mlango mmoja. Na huenda chombo cha kukuokoa kiko kilomita sita kutoka ulipo, nahodha wake yuko macho, ila huna namba yake na hujui jina lake.

Ukibonyeza chaneli 16, megahezi 156.8, unasema na wote mara moja. Ile kutokuwa na siri, ambayo kwa posa ya binti yako ilikuwa aibu, hapa ndiyo uhai. Redio ya mkononi ina wati 5, ile ya kufungwa chomboni hufika 25. Kati ya redio mbili za mkononi, watu wamekaa ndani ya mashua, hesabu kilomita kumi hivi. Antena ikiwa juu ya mlingoti pande zote mbili, ishirini na zaidi. Hapo mlingoti unafanya kazi usiku na mchana bila kumtesa kijana. Haina salio, haina bando, haina mnara wa kuanguka.

Ila ina adabu zake. Chaneli 16 ni ya kuita na ya dharura. Si ya kuuliza bei ya kamba Malindi. Ukishaitikiwa, hamieni chaneli nyingine, kama 72, ya chombo kwa chombo. Katika hatari ya roho, sema Mayday mara tatu, kisha jina la chombo mara tatu, kisha uliko, kisha shida yenyewe na watu wangapi. Uliko kitangulie shida, kwa sababu redio ikikatika katikati, bora wajue pa kuja bila kujua kwa nini. Nyamaza, sikiliza, rudia. Redio yenyewe nayo ni ya kusajiliwa. Fuateni njia ya kibali.

Nahodha ameuliza nichague kimoja kwa mashua ndogo. Nitachagua viwili, na usinibane: redio ya VHF ya mkononi isiyoingia maji, imefungwa kamba kwenye mwili wa nahodha na si kwenye chombo, na kabambe iliyojaa chaji, imezimwa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili. Simu janja njoo nayo ukitaka, kwa picha ya samaki.

Maneno yametosha. Nimeleta redio mbili. Moja ameshavuka nayo kijana wangu hadi ng'ambo ya Manda, amekaa chini kabisa ufukweni, na nimemwambia akae chaneli 72 angoje. Nyingine ni hii. Tutoke gatini, kila nahodha aseme na Manda mara moja akiwa amekaa, na mara ya pili akiwa amesimama juu ya ngazi, asikie mwenyewe inavyobadilika. Dada mwenye simu ya Marekani, wewe lete adapta tuisome. Mzee wangu, wewe ndiye wa kwanza. Kitufe ni hiki cha ubavuni, bonyeza, ngoja kidogo, ndipo useme.